Barua kwa mwanangu: asilimia 85 ya kitu gani?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Unauliza: ikiwa Master P, rapa wa Marekani mwenye lebo ya No Limit, alibaki na asilimia 85 kwenye mkataba wake na msambazaji Priority mwaka 1996, kwa nini ninyi msambazaji awape 70, tena azishike masta, yaani rekodi halisi, za nyimbo zenu kwa miaka saba? Na je, lebo yenu ya marapa wanne ikatae, isubiri mkataba kama ule?

Tuanze na hiyo 85, maana watu huitaja kana kwamba aliokota. Alianza na duka la muziki Richmond, California, kwa dola 10,000 alizorithi kwa babu yake. Nyuma ya kaunta ndipo unapojua mteja anarudi kuulizia nini. Pale Bay Area, eneo linalozunguka San Francisco, desturi ya rapa kuuza kanda zake mwenyewe kwenye buti la gari ilikuwepo tayari. Rapa Too $hort wa Oakland alikwishaonyesha njia. Halafu mwaka 1991 Billboard, jarida la chati za muziki la Marekani, ikaanza kuhesabu albamu kwa msimbopau unaosomwa dukani, badala ya kuwapigia wenye maduka simu wataje wanachokumbuka. Kuanzia hapo mauzo ya lebo ndogo ya mtaani yakaonekana kwenye karatasi. Alipokaa mezani na Priority, alikuwa na namba za kuonyesha.

Na gharama zilikuwa juu yake: studio, biti (midundo ya nyimbo), jalada, matangazo. Priority ilichapa CD na kuzifikisha madukani, ikachukua 15. Masta zikabaki No Limit. Anayebeba mzigo ndiye anayekata fungu nono.

Sasa chukua kalamu. Namba hizi ni za mfano tu. CD 10,000 zimeuzwa kwa bei ya jumla ya dola 10, jumla 100,000. Msambazaji anachukua 15,000. Mlichapa 13,000 kwa dola moja moja, toa 13,000. Zinabaki 72,000. Studio na kuchanganya sauti 12,000, video 20,000, matangazo 25,000. Mna 15,000 mkononi, na rapa na prodyuza bado hawajalipwa. Zile CD 3,000 zilizobaki zitarudishwa na maduka, na kwa sababu hiyo msambazaji huzuia sehemu ya fedha zenu kwa miezi kadhaa. Lebo nyingi zilifia hapo: kwenye daftari zina faida, mfukoni hazina nauli.

No Limit waliliziba pengo hilo kwa wingi na kwa kubana matumizi. Walikuwa na kundi lao la maprodyuza, Beats by the Pound, hivyo hawakununua biti moja moja nje. Majalada yenye mng'aro wa dhahabu na almasi yalitengenezwa na Pen & Pixel wa Houston. Fungua kijitabu cha CD yao yoyote ya miaka ile: ndani umepangiwa majalada ya albamu zinazofuata. Aliyekwisha kulipa ndiye anayetangaziwa, na tangazo limechapwa kwenye karatasi ambayo ingechapwa hata hivyo. Huo ndio ujanja wao ninaoupenda kuliko yote. Ghetto D, albamu ya Master P, ilishika namba moja Billboard mwaka 1997; mwaka 1998 wakatoa albamu zaidi ya 20, wakiwa na Snoop Dogg pia.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo walipozidisha. Albamu 20 kwa mwaka zinagombania mfuko wa mteja yule yule. Mwaka 1999 Beats by the Pound wakaondoka kwa kutoelewana kuhusu malipo, na sauti ya No Limit ikaondoka nao. Mwaka 2003 lebo ikaomba kinga ya kufilisika.

Tuje kwenu. Nyimbo zenu zinasikilizwa mtandaoni: hakuna CD ya kuchapa wala ya kurudishwa. Basi hiyo asilimia 30 anayobaki nayo msambazaji ni ya kazi gani? Akiwapa fedha za awali na kulipia video, mnaweza kuzungumza. Kama kazi yake ni kupakia faili tu, 30 ni nyingi, na masta asizishike hata siku moja; mpeni leseni yenye tarehe ya mwisho.

Karatasi ya mgawo, inayosema nani ana asilimia ngapi ya wimbo, isainiwe usiku ule ule wa kurekodi, kabla wimbo haujavuma. Andikeni mafungu mawili tofauti: utunzi, yaani mashairi na biti, kisha rekodi yenyewe. Kila fungu lijumlishe 100. Prodyuza akikuuzia biti, andikeni kama ameuza moja kwa moja au amebakiza sehemu ya utunzi; neno "nimenunua" halitoshi. Mkikata kipande cha wimbo wa zamani, mtahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi.

Kila rekodi ina ISRC yake, yaani namba ya utambulisho ya rekodi, yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla. Ziandikeni kwenye daftari lenu wenyewe. Mkihama msambazaji mkapakia wimbo ule ule kwa ISRC mpya, mitandao itauona kama wimbo mgeni na hesabu ya wasikilizaji itaanza sifuri.

Nitumie picha ya ukurasa wenye neno "makato", na ule unaosema mkataba unavunjwaje. Usisaini Ijumaa kama alivyokuomba msambazaji.

Mama yako