Mgongo wa mama na "taifodi sugu"

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 73. Huu ni mwezi wa tano anaumwa mgongo, hasa usiku, na amekonda mpaka kanga zinamvuka. Hakohoi wala mwili hauchemki. Mara tatu tumeambiwa ana taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Akimeza sipro (antibiotiki) anapata nafuu wiki mbili, kisha yanarudi. Makohozi yamepimwa, TB hakuna. Ni taifodi sugu au ni uzee tu?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Uzee peke yake haukondeshi mtu hivyo ndani ya miezi mitano. Na hiyo "taifodi sugu" naletewa kwenye karatasi kila wiki, nimeichoka.

Bila shaka kipimo alichofanyiwa ni Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Hakimtafuti kijidudu cha taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopigana na vijidudu, na hizo anaweza kuwa nazo aliyeugua zamani, au hata mwenye malaria leo. Kwetu huku, karatasi moja ya Widal haithibitishi kitu. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Mkojo nao ni hivyo hivyo: wanawake wengi wa umri wake wana bakteria kwenye mkojo na hawaumwi chochote.

Kinachoniuma zaidi ni ile nafuu ya wiki mbili, maana ndiyo inayowadanganya ndugu kwamba dawa imepata ugonjwa. Sipro ni ya kundi la dawa zinazomdhoofisha pia kijidudu cha kifua kikuu bila kummaliza. Kama TB imeingia mgongoni, maumivu yanapoa, mfupa unaendelea kuliwa, na vipimo vya baadaye vinaweza kumkosa.

Ningekuwa mimi, ningeanza na TB ya uti wa mgongo. Makohozi masafi hayaiondoi, kwa kuwa ugonjwa unaweza usiwe mapafuni kabisa. Kuna wazee waliovuta kijidudu hicho miaka mingi nyuma, mwili ukakifungia, kikaamka kinga iliposhuka au kisukari kilipoingia. Homa msiisubiri: mzee anaweza kuwa na maambukizi makali akawa anakataa chakula tu, anaanguka, au anaweweseka.

Mpelekeni hospitali ya rufaa apigwe MRI ya mgongo, picha ya sumaku inayoonyesha ndani zaidi, kwani eksirei ya mapema huweza kutoonyesha kitu. Penye uharibifu pachukuliwe sampuli, ipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu cha TB, na ioteshwe. Brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ichunguzwe, hasa kama mnakunywa maziwa mabichi, na saratani pia. Kipimo cha VVU kisirukwe eti kwa kuwa ni bibi. Daktari aambiwe dawa zote alizomeza na lini. Ikiwa ni TB, dawa ni za bure, ila matibabu yanaweza kufika mwaka mzima. Miguu ikianza kufa ganzi, au akishindwa kuzuia mkojo, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine mnaouguza wazee, jihadharini na wanaouza sindano za "kukata maumivu ya mgongo". Baadhi zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe: zinapoza maumivu huku zikishusha kinga, na TB inapata nafasi. Jihadharini pia na zile mashine za kushika kiganjani zinazodai kupima magonjwa yote kwa dakika moja. Nimepokea wazee waliobebwa, miguu imeshakufa, mtoto ameshika bahasha nene ya majibu ya mashine hizo, na mgongo wa mzee haujawahi kupigwa picha hata moja.