Hiyo "deceased" si wewe, mama

Mama,

Meseji yako nimeiona saa nane usiku nikacheka peke yangu mpaka mamako akaamka, manake kweli ukifungua picha ya karatasi ya korti ukute jina lako lote kwa herufi kubwa halafu pembeni kwa mabano wameandika "deceased", lazima moyo uruke. Pole. Hilo ni jina la bibi yako, wewe ulirithishwa tu, na hiyo ni faili ya mirathi ya shamba lake la Mariakani. Korti zetu huku Kenya ndivyo zinavyoandika: mirathi ya fulani, mabano, deceased. Sasa ukauliza kwani "dead" ina kosa gani.

Mimi nimekuwa karani wa korti miaka 22 na hilo neno nimelitaipu kuliko jina langu mwenyewe. Maana yake ni aliyekufa, basi, hakuna siri. Tofauti ni pale linapokaa. Dead utasema kuku, utasema betri, utasema simu. Deceased ni binadamu, na tena ni neno la karatasi, la korti, benki, bima na polisi. Kwenye kesi ya mauaji ndio utalisikia mpaka likuchoshe, jina la mtu watalitaja pale mwanzo halafu kutoka hapo ni "the deceased" alikuwa amevaa shati hili, "the deceased" alionekana na mshtakiwa saa fulani, na mamake mzazi yuko hapo kwa benchi anasikia mwanawe akiitwa hivyo kutwa nzima. Zamani niliona ni roho mbaya. Baadaye nikaelewa, jaji akishika hukumu ya kurasa 30 anataka neno lisilolia.

Asili yake ni Kilatini, kuondoka. Na sisi je? Kufariki tumeitoa kwa Kiarabu, ni kutengana, kwa hivyo Mzungu na Mswahili wote wanaizunguka tu hiyo habari. Lakini marehemu ni kitu kingine. Marehemu ni aliyerehemewa, yaani ukilitamka ushamuombea dua hata kama hukukusudia. Deceased haina dua ndani. Korti tunatafsiri moja kwa lingine kila siku na mimi kila siku naona halijatosha, lakini ndio kazi.

Sasa makosa. Usiandike "he deceased yesterday", sema "he died". "The deceased" haibadiliki, awe mmoja wawe kumi, s usiongeze. Ukikutana na "decedent" ujue ni Wamarekani na korti zao, ni huyo huyo. Na spelingi uangalie mama, umeandika "diseased" mara mbili, hiyo ni mwenye ugonjwa, bibi yako ametulia zake kaburini wewe unamrudisha wodini. Halafu kuna "late". "My late grandmother" iko sawa kabisa na ni ya adabu, ila ile yetu ya "my grandmother is late" iache hukuhuku, hapo Leeds, Uingereza, watadhani amechelewa, amekosa basi.

Kwa bosi wako unapoomba ruhusa ya kuja matanga andika "my grandmother died", fupi hivyo. Deceased kwenye barua ya mtu aliyefiwa inamfanya asikike kama polisi anayeripoti. Lakini kwa fomu zao pakiwa na pahali pa deceased, jaza jina la bibi, yaani lako, na mkono usitetemeke.

Bibi mwenyewe Kiingereza hakukijua. Mtu akifa alikuwa anasema "kaenda zake" halafu anaendelea kupeta mchele. Siku moja nikamwambia, mama, hilo neno lako ndilo hilohilo la Kilatini wanaloandika kortini, akaniangalia akasema, "Sasa kama ni hilo mbona wakalipeleka shule?"

Jumatatu nitakutumia karatasi ya pili, ile ya orodha ya warithi. Hiyo jina lako liko mara mbili, juu ni la bibi na chini kabisa ndio wewe, usomee chini.

Babako