IST au RAV4 kwa mlima wa Isamilo?

Dada, umeuliza kama Toyota IST, kale kagari kadogo ka chini, itamudu kupanda mlima wa Isamilo hapa Mwanza kila siku au ujikaze upate Toyota RAV4, iliyo kubwa na iliyoinuka. Kama lami inafika hadi getini, chukua IST ya CC 1500 (ukubwa wa injini). Ile ya 1300 ikijaa watu inahema. Ila kama kipande cha mwisho ni mawe na makorongo, tafuta gari lililoinuka linalovuta tairi zote nne. Si kila RAV4 inavuta nne: fundi alale chini aone kama kuna difu nyuma, yaani kile chombo cha gia kinachopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma.

Kinachonitia hofu zaidi ni kushuka. Nakuomba sana, usiweke nyutro ili kuokoa mafuta. Ingiza gia ya 2 au L (gia nzito) kabla ya mteremko, injini ilizuie gari, breki uzikanyage kwa vipindi. Ukizikandamiza mfululizo, mafuta ya breki yanachemka na kutoa mapovu, pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha pembeni breki zipoe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Ukipaki ukitazama bondeni, vuta hendibreki kwanza ndipo uweke P (gia ya kuegesha), tairi uzigeuzie kwenye ukingo wa barabara.