Kabla Hujamfungia Ndani Aache Dawa, Jua Kwanza Anatumia Nini

Familia nyingi zinazokuja kuomba ushauri huniuliza swali lilelile: tumfungie chumbani aache? Huwa sijibu mpaka nijue ni kitu gani anachotumia. Kwa miaka kadhaa nimehudumia watu wanaojiondoa kwenye uraibu, mara nyingi zamu ya usiku, na jambo ninalotamani kila mzazi na kila ndugu alijue ni hili: dawa za kulevya hazifanani. Kila moja ina sehemu ya mwili inayoishambulia na ina namna yake ya kuachwa. Ile ambayo jina lake tu linawatisha watu, mtu akiiacha ghafla atateseka lakini kwa kawaida ataishi. Ile inayouzwa kihalali dukani inaweza kumuua kwa kuachwa siku moja.

Ninayoizungumzia ni pombe. Mtu anayekunywa sana kila siku ubongo wake umezoea kutulizwa, na ili uendelee kufanya kazi umejiongezea msisimko. Pombe ikikatwa ghafla, ule msisimko unabaki peke yake bila cha kuuzuia. Saa sita hadi ishirini na nne baada ya kinywaji cha mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huingia kwenye weweseko, na hapo ndipo vifo hutokea.

Usiku mmoja nilikuwa na mzee wa makamo aliyeletwa na wanawe baada ya kuacha pombe nyumbani kwa nia njema kabisa. Ilikuwa siku yake ya tatu. Alikuwa ameketi kitandani akiokota kitu kwenye shuka kwa vidole viwili, anakitupa sakafuni, anaokota kingine. Akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, hawa siafu wametokea wapi?" Shuka lilikuwa jeupe, halina kitu. Mto ulikuwa umelowa jasho, na nilipomshika mkono nilihisi mapigo yanapiga haraka mno. Nikamwambia, "Mzee, twende hospitali, siafu tutawashughulikia huko." Aliwekewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, na vitamini B1 kwenye mshipa, na baada ya siku chache akawa anazungumza kama kawaida yake. Wanawe walidhani amerogwa.

Hiyo vitamini B1 ina sababu yake. Mnywaji wa muda mrefu hula kidogo na utumbo wake haufyonzi virutubisho vizuri, na B1 ikiisha mwilini macho huanza kuchezacheza, mwendo unayumba, na kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja. Ini nalo lina hatua zake. Mafuta yaliyojaa kwenye ini yanaweza kuondoka mtu akiacha kunywa, lakini kovu likishatanda ini zima halifutiki, na linalowezekana ni kulizuia lisiendelee. Kwa hiyo kuacha mapema kuna faida inayoonekana kabisa. Ila aache chini ya macho ya mhudumu wa afya, hasa kama anatetemeka asubuhi kabla hajanywa au amewahi kupata degedege.

Haya yanahusu pia vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi, yaani diazepamu na jamii yake. Aliyevizoea hapaswi kuviacha kwa mkupuo. Daktari humpunguzia kidogo kidogo, kwa wiki na pengine miezi. Ukivikuta chini ya godoro, usikimbilie kuvimwaga chooni.

Heroini, au unga kama wanavyouita wenyewe, ni kinyume chake. Arosto yake, yaani mateso ya mwili unapoikosa, inatisha kuitazama: mafua, miayo isiyoisha, machozi, mifupa kuuma, vinyweleo kusimama, kutapika na kuharisha. Huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na makali yake hupungua ndani ya wiki. Hatari kubwa ya wakati huo ni kuishiwa maji mwilini, hivyo mpe maji yenye chumvi na sukari anywe kwa vijiko hata kama anatapika. Mjamzito asiachishwe ghafla hata kidogo, kwa sababu arosto inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Yeye apelekwe hospitali aanzishiwe methadoni, dawa inayotolewa na wahudumu wa afya badala ya heroini, au nyingine inayofanana nayo.

Kifo cha heroini huja baadaye, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza mtu wao. Mwili uliokaa wiki mbili bila dawa umepoteza uwezo wa kuihimili. Akitoka gerezani, hospitalini au kwenye nyumba ya matibabu, akarudia kipimo chake cha zamani, kipimo kile kile alichokuwa akikitumia bila shida sasa kinazima sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Nawaambia hivi waziwazi wanaoondoka kwetu, mbele ya mama zao, na baadhi ya wazazi hukasirika wakidhani ninamfundisha mtoto kurudia. Namfundisha kubaki hai. Mtu akifa hakuna tena wa kumtibu. Hii pia ndiyo sababu methadoni ya kila siku, kwa wengi, ni salama kuliko kuacha kavu kavu, hata kama kwa macho ya jirani inaonekana kubadilisha dawa kwa dawa.

Jifunze dalili za aliyezidisha: mboni za macho zimekuwa ndogo mno, midomo au kucha zimegeuka rangi, pumzi inakuja kwa nadra, na koo linatoa mkoromo mzito wenye majimaji. Mkoromo huo umewadanganya wengi. Wanasema mwacheni alale, kumbe anakata roho. Mwite kwa nguvu, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, piga simu ya dharura. Kama kuna naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini na jamii yake, mpe, na kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni. Akiwa anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Usimmwagie maji baridi wala kumpa maziwa. Na naloksoni ikimwamsha, usimwache aondoke, kwa kuwa nguvu yake huisha ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na dawa iliyo mwilini inaweza kumzimisha tena.

Tramadoli, kodeini na mofini ni ukoo mmoja na heroini, ingawa zinatoka duka la dawa. Tramadoli ina la ziada, huleta degedege mtu akizidisha. Kodeini hugeuzwa na ini kuwa mofini, na kuna watu ambao ini lao hufanya kazi hiyo haraka mno, kwa hiyo chupa ya dawa ya kikohozi waliyogawana marafiki wawili inaweza kumlevya mmoja na kumzimisha mwingine. Fentanili, ya ukoo huo huo, ina nguvu takriban mara 50 ya heroini. Mbaya kuliko zote ni kuchanganya: unga na pombe, au tramadoli na diazepamu. Kila moja inapunguza pumzi, na zikikutana zinaimaliza.

Kokeini na methi (methamfetamini) zinaelekea upande mwingine. Zinabana mishipa ya damu, zinapandisha shinikizo na joto la mwili, zinamnyima mtu usingizi na njaa. Kijana mwenye afya anaweza kupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Kwa hiyo akilalamika kifua kinauma, usimwambie ajikaze. Akikaa siku kadhaa bila kulala ataanza kuona anafuatiliwa. Usibishane naye kuhusu hao wanaomfuata. Punguza watu chumbani, punguza kelele, ongea polepole. Akiacha atalala sana, atakula sana, kisha huzuni nzito itamwingia, na huo ndio wakati wa kumlinda asijidhuru. Mirungi iko upande huu pia, kwa nguvu ndogo zaidi.

Kuhusu bangi nimesikia mabishano mengi. Ninachokiona ni kwamba umri una uzito mkubwa. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na anayeanza kuvuta kila siku akiwa na miaka 14 anagusa kumbukumbu na umakini vikiwa bado vinajengwa. Penye historia ya ugonjwa wa akili kwenye ukoo, hatari ya kuugua huongezeka. Wapo pia wavutaji wa muda mrefu wanaotapika bila kukoma na kupata nafuu wakioga maji ya moto tu. Hao hutibiwa vidonda vya tumbo mpaka wachoke, hadi siku mtu atakapowauliza kuhusu bangi. Tumbaku sitaikalia sana: huua hadi nusu ya wanaoitumia bila kuacha.

Kwa wenye watoto wanaonusa gundi, petroli au rangi, hili mlishike. Mvuke huo huufanya moyo ushtuke kirahisi. Ukimkuta mtoto ananusa, usimpigie kelele wala kumkimbiza, maana hofu ya ghafla na mbio vinaweza kuusimamisha moyo wake palepale. Msogelee taratibu, mtoe kwenye hewa safi, akae. Maneno mtayazungumza kesho.

Na mkifika hospitali, semeni yote: alitumia nini, kiasi gani, saa ngapi mara ya mwisho, alichanganya na nini. Bebeni pakiti au chupa. Kama amewahi kujidunga, ombeni apimwe VVU na homa ya ini B na C. Ya B ina chanjo, na ya C siku hizi kwa wengi huponywa kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, hata kama bado hajaacha kutumia.