Malalamiko ya Wazee Yanapochunguzwa: Ushauri kwa Wahudumu Wenzangu wa Minnesota

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na kuhamia jimbo la Minnesota, Marekani, tunafanya kazi ya kuhudumia wazee, na kwa kuwa ndio tunaowaogesha, kuwavisha na kuwapelekea dawa, malalamiko yao tunayasikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimewahi kuhojiwa kama shahidi na mchunguzi wa jimbo, na nimeona lalamiko la haki likikwama kwa sababu hakuna aliyeliandika kwa wakati. Ndiyo maana nawasihi wenzangu: andika ulichokiona kabla zamu yako haijaisha.

Nyumba za uuguzi zinazolipwa kupitia Medicare au Medicaid, yaani mipango ya serikali ya kulipia matibabu, zinabanwa na masharti ya serikali kuu yaliyotokana na sheria ya 1987, lakini zile ambamo mzee hupanga chumba na kusaidiwa shughuli za kila siku zimeachiwa majimbo. Minnesota ilichelewa kuzidhibiti. Mwaka 2018 mkaguzi wa bunge la jimbo aliikosoa vikali ofisi ya kuchunguza malalamiko, mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya leseni kwa nyumba hizo, na sheria hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2021.

Mhudumu anayeshuku kwamba mzee amedhulumiwa au ametelekezwa analazimika kisheria kutoa taarifa ndani ya saa 24. Unaweza kumwarifu msimamizi wako, naye ana wajibu wa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi kama taarifa imepelekwa jimboni au la. Usiporidhika, piga simu mwenyewe katika kituo cha jimbo cha kupokea taarifa hizo, ambacho hufanya kazi usiku na mchana. Sheria inakataza kukuadhibu kwa taarifa uliyoitoa kwa nia njema. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu najua hofu ya kupoteza kazi ilivyo kwa mtu mwenye watoto hapa na wazazi wanaomtegemea nyumbani.

Mchunguzi akifika hulinganisha mpango wa matunzo na kumbukumbu za kila siku, hutazama ratiba ya zamu, kisha huwahoji wahudumu, mzee na jamaa zake. Mwishoni huamua kwamba tuhuma imethibitishwa, haikuthibitishwa, au ushahidi hautoshi kuamua. Uamuzi huo wa tatu ndio unaoniuma zaidi, kwa maana mara nyingi hutokana na karatasi zisizosema kitu. Chukua mfano wa bibi ambaye kumbukumbu zake za kuoga zinaonyesha neno moja tu wiki baada ya wiki: "Amekataa." Nani alimwomba, saa ngapi, na alijibu nini? Nilipomuuliza bibi mmoja wa namna hiyo tukiwa peke yetu, mlango umefungwa, aliniambia kwamba hakatai maji, ila anaona haya kuvuliwa nguo na kijana wa kiume. Jibu lake likiandikwa kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na saa na jina la mhudumu aliyekuwepo, mchunguzi anapata pa kuanzia, na kituo hakiwezi tena kusingizia ukaidi wa mzee.

Ukikumbuka jambo baadaye, usiguse maandishi ya awali; ongeza maelezo mapya na uonyeshe wazi kwamba yameandikwa kwa kuchelewa, ukitaja tarehe na saa ya kuyaandika. Unapohojiwa, eleza ulichokiona na kukisikia wewe, na usikisie. Kama Kiingereza kinakupa shida pale maswali yanapokuwa mazito, omba mkalimani bila kuona aibu.

Jamaa za mzee nao waelekezwe. Tangu 1 Januari 2020 sheria ya jimbo inaruhusu kamera katika chumba cha mkaazi, mradi yeye mwenyewe aridhie, na anayeishi naye chumbani pia. Yupo vilevile mtetezi wa wakaazi, anayetakiwa kuwepo katika kila jimbo la Marekani, ambaye anaweza kumsemea mzee anayeogopa kujitokeza. Na iwapo matokeo ya uchunguzi hayakuwaridhisha, wanaweza kuomba yaangaliwe upya, lakini barua yao iandikwe ndani ya siku 15 tangu wapokee taarifa ya uamuzi.