Binti atamwaminije kijana anayegeuka chui? Nilivurunda kwanza, nikaandika upya

Mleta mada, umeuliza namna ya kuandika mapenzi ya binti na kijana anayegeuka chui, msomaji aone kweli binti amejifunza kumwamini na si kwamba amepumbazwa. Hadithi yangu niliiandika hapa Kampala, nikawa naituma sehemu kwa sehemu kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilivurunda vibaya.

Binti nilimpa ukoo wa Ngo, kisa jina lilinipendeza. Ngo kwa Kiganda ni chui. Mama mmoja Mganda akaniuliza, "Mwanangu, huyo kijana si kaka yake?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Kwa Waganda mnyama wa ukoo ni muziro: humli, na kwa desturi wenye muziro mmoja hawaoani. Kumbe sehemu nne za mahaba nilizokwisha kutuma zilikuwa aibu tupu.

Nikaanza upya. Ngo nikampa kijana, binti nikamhamishia ukoo wa Nsenene, nikawapeleka mji wa Masaka mwezi wa Novemba, msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa. Kama hujaona mitego yao: mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, taa kali zinawaka usiku kucha, senene wanafuata mwanga, wanagonga bati na kuteleza hadi pipani. Kila mtu yuko kwenye mwanga isipokuwa kijana wangu, maana macho ya chui yakimulikwa yanang'aa, na yake yanamsaliti hata akiwa mtu. Binti naye hali senene, ni muziro wake, kwa hiyo wenzake wakitafuna yeye kakaa gizani. Wakakutana hapo. Sikulazimika kubuni zaidi.

Sasa hilo la kuaminiana. Usimwache binti amfumanie akigeuka. Wengi huandika hivyo, na ukishafumania unabaki na kusamehe, jambo jingine kabisa. Kijana wangu alimwambia mwenyewe, mchana, wakimenya matoke. Binti hakuweka kisu chini. Akauliza tu, "Ukiwa hivyo, unanijua?"

"Harufu yako naijua. Jina silijui."

Wiki nzima hakumsogelea. Halafu usiku mmoja akitoka kisimani akasikia kucha zikigonga bati nyuma ya jiko: tak, tak, tak. Chui hutembea kucha zikiwa ndani, husikii kitu. Huyu alizitoa makusudi asije akamshtua. Binti akapunguza mwendo. Aya hiyo moja ilinikesha, na ndiyo pekee ambayo kundini hakuna aliyeikosoa.

Yule mama juzi kanitumia ujumbe wa sauti: "Basi waende kwa ssenga!" Shangazi yake binti, yaani. Siku ya kwanjula, yaani kijana anapotambulishwa rasmi kwa wakwe, ataulizwa ukoo, atajibu "Ngo" mbele ya wazee, nao watapiga makofi. Binti peke yake ndiye atakayesikia jibu zima. Sehemu hiyo bado naihangaikia. Msemaji wa upande wa binti nimempa maneno mengi, sasa hataki kunyamaza.