Maswali yenu kuhusu kozi za theosofia na hekima ya kale

Niligusia hapa habari za watu wanaoacha shughuli zao wiki moja au mbili, wakakaa pamoja bwenini kusoma theosofia, yaani falsafa inayotafuta hekima moja iliyo ndani ya dini zote, na hekima ya kale ya dini na mataifa mbalimbali. Maswali yamefika kutoka Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa hadi Manyoni. Yanayofanana nimeyaunganisha.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkatoliki, nakaa Kizota. Nikienda kozi hiyo si nitakuwa nimeingia dini nyingine? Paroko nitamwambia nini?*

Marahaba. Hakuna dini unayoingia. Jumuiya ya Theosofia ilianzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky, Henry Olcott, William Judge na wenzao, na mwaka 1882 makao yake makuu yakahamia Adyar, katika jiji ambalo leo ni Chennai, India. Ina malengo matatu: udugu wa binadamu wote bila kujali rangi, imani, jinsia wala tabaka, kuzisoma dini, falsafa na sayansi kwa kuzilinganisha, na kuchunguza sheria za maumbile zisizoelezeka bado na nguvu zilizojificha ndani ya mtu. Pale Adyar, ndani ya eneo moja, kuna hekalu la Kihindu, la Kibudha na la Wazoroasta, kuna kanisa, kuna msikiti. Kila mtu husali kwake.

Hata hivyo utakutana na mafundisho kama karma, yaani matendo ya mtu kumrudia, na kuzaliwa tena katika mwili mwingine baada ya kufa, ambayo katekisimu yako haiyakubali. Hulazimishwi kuyaamini, ila utakaa mezani na wanaoyaamini, na unapaswa kulijua hilo kabla hujafunga begi. Paroko mwambie ukweli: unakwenda wapi, kusoma nini, kwa siku ngapi. Kozi inayokutaka umfiche paroko au imamu wako, usiende.

*Kaka, hawa si ndio Freemason? Kuna namba imebandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na stendi, wanasema ukijiunga unapata utajiri.*

Sio. Ni vyama viwili tofauti, ingawa wapo wanatheosofia waliokuwa pia Freemason, akiwemo Annie Besant, aliyeiongoza jumuiya kuanzia 1907 hadi alipofariki 1933. Ile namba ya kwenye nguzo haina uhusiano na chama chochote kati ya hivyo. Ni matapeli. Watakuomba "ada ya fomu", kesho "ada ya pete", keshokutwa "ada ya kafara", na simu itazimwa siku utakapoishiwa. Inaniuma kwa sababu wanaopigiwa simu ni vijana wenye shida ya kweli.

Kipimo changu ni hiki: kwenye kozi ya kweli unachangia chakula, kitanda na karatasi. Ukiambiwa kuna siri utakayofunuliwa ukiongeza pesa, au cheo cha kiroho kinachouzwa, chukua begi lako uondoke.

*Siku inakwendaje huko? Mnakaa mmefumba macho kutwa nzima?*

La hasha. Ratiba hutofautiana, lakini kozi nyingi hufuata mtindo unaofanana. Mnaamka alfajiri, mnakaa kimya kwa tafakuri kama nusu saa, ndipo chai. Asubuhi ndiyo ya kazi nzito: kifungu kifupi kinasomwa kwa sauti, pengine aya mbili tu, kisha mnakichambua kwa saa nzima au zaidi. Mchana kuna kazi za mikono na muda wa kusoma peke yako. Jioni kuna mhadhara au maswali. Simu mara nyingi huwekwa pembeni.

Wakatoliki mtaona kuna kitu mnachokijua kutoka kwenye mafungo, na Waislamu mtakumbuka itikafu. Tofauti ni kwamba hapa aya inaweza kutoka Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, leo, kesho Injili, keshokutwa kwa masufi, na hakuna anayetoa neno la mwisho. Siku mbili za mwanzo wengi huhangaika: wamezoea mhubiri, sasa wanaulizwa wao wenyewe wameona nini.

Kwa nini kulala hapo hapo, wakati kitabu unaweza kusoma nyumbani? Nalijali sana swali hili. Asubuhi mtu atazungumza vizuri kabisa juu ya udugu wa wote. Saa saba mchana kuna sufuria la ugali limegandia, maji ni ndoo mbili, na wa kulisugua ni mmoja. Nimewaona watu wenye digrii wakilizunguka sufuria hilo mara tatu, kila mmoja akijifanya kutafuta kitambulisho chake. Jioni yake ile aya ya asubuhi ikasomwa tena, safari hii hapakuwa na mhadhiri. Mazungumzo yalikuwa mafupi, yenye aibu kidogo, na ya maana kuliko yote ya wiki ile. Ukisoma peke yako huwezi kukipata kitu hicho.

*Nyama je?*

Hailiwi, na pombe hainywewi. Hili lisikutishe wewe mtu wa Dodoma: ugali wa uwele, mlenda wenye karanga, kunde, choroko, na zabibu zikiwa msimu wake. Wageni ndio hupata taabu na mlenda.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi UDOM. Nimesoma kwamba Blavatsky aliitwa tapeli, na kwamba aliandika mambo ya kibaguzi juu ya Waafrika. Kwa nini mtu mweusi ajisumbue naye?*

Umeuliza vizuri, mwanangu. Mwaka 1885 Jumuiya ya Utafiti wa Mambo ya Kiroho ya London ilitoa ripoti iliyomwita laghai. Mwaka 1986 Vernon Harrison, mwanachama wa jumuiya hiyo hiyo, akaikosoa vikali ripoti ile kwa namna ilivyoupima ushahidi. Mjadala bado upo, na mimi sijengi chochote juu ya miujiza yake.

Suala la rangi ni zito zaidi. Kitabu chake cha 1888, The Secret Doctrine, kinaeleza historia ya binadamu kama mfululizo wa mbari kuu zinazofuatana, na ndani yake mna sentensi zinazoyaweka baadhi ya mataifa chini ya mengine. Wapo wanaosema tusome "kwa jicho la wakati ule". Mimi sikubali kulainisha. Sentensi hizo ni za uongo na zinaumiza, tena zinapingana na lengo la kwanza la Jumuiya ya Theosofia yenyewe. Mwaka 1924 baraza kuu la jumuiya lilitamka kwamba hakuna fundisho wala mwandishi, kuanzia Blavatsky mwenyewe, anayemfunga mwanachama. Itumie haki hiyo. Simama darasani, soma sentensi kwa sauti, sema kwa nini unaikataa. Mwalimu wa kozi akikuzuia, umeshajua uko kwenye kozi ya namna gani.

Halafu usiache kuona upande wa pili. Besant huyo huyo niliyemtaja, Mwingereza, aliwekwa kizuizini na serikali ya kikoloni mwaka 1917 kwa kudai India ijitawale, na mwaka huo huo akachaguliwa rais wa Indian National Congress, chama kilichopigania uhuru wa India. Udugu ule haukubaki kwenye karatasi kwa kila mtu.

*Natoka Kondoa. Kwa nini hekima ya kale iwe ya India na Misri tu? Wazee wetu hawakuwa na hekima?*

Dada, hapa umenigusa. Kozi yoyote ya hekima ya kale inayofanyika mkoa huu bila kufika Kolo, penye michoro ya miambani, kwangu mimi haijakamilika. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na sababu moja ni kwamba baadhi ya mapango yale bado yanatumika. Pale Mongomi wa Kolo watu bado hupanda kuomba mvua na uponyaji. Watu waliochorwa ukutani ni wembamba, warefu, vichwa vimetuna kama wamevaa kitu, wengine kama wanacheza. Wataalamu wamejaribu kuielewa kwa kuangalia ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo mchezaji huingia katika hali ya kupagawa.

Kwa Wagogo nako kuna darasa zima. Nchi ilipopatwa na ukame au maradhi ya mifugo, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika fimbo, wakachunga ng'ombe, na mwisho wakacheza ngoma ya kuupeleka hadi mpakani uchafu ulioaminika kuleta balaa lile, na kuutupa nje ya nchi. Liweke hilo mezani pamoja na aya ya Kihindi juu ya karma uone maswali yatakavyofumuka. Kwa nini balaa liwe la nchi nzima na si la mkosaji mmoja? Kwa nini dawa iwe kugeuza majukumu ya mume na mke? Nani ana haki ya kusafisha? Haya ni mawazo yaliyotafakariwa na vizazi, yanastahili saa nzima ya asubuhi kama Upanishadi.

Ila nendeni kwa adabu. Anzieni ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, chukueni kiongozi, msiguse michoro wala msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Mkikuta watu wako kwenye tambiko, subirini mbali.

*Nina watoto wadogo na genge la mboga Majengo. India siwezi, hata wiki moja siwezi. Basi nikae tu?*

Usikae, mama. Adyar kuna School of the Wisdom, shule ya jumuiya, ilianzishwa 1949 na C. Jinarajadasa, lakini inafundisha kwa Kiingereza, ni ya wanachama, na nauli yake unaijua. Anza na watu watano mnaoaminiana, Mkristo awemo, Muislamu awemo. Tafuteni wikiendi moja ya kiangazi, Julai au Agosti, mavuno yakiwa ndani. Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, kwenye nyumba ya mmoja wenu, watoto wakiwa kwa shangazi. Someni Kiswahili: beti chache za Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, pale mshairi anapouonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyobaki makazi ya popo, zinatosha kwa siku nzima. Jumapili mchana amueni mtakutana tena lini, na kitabu kinachofuata nani atakitafuta.